Mfuko, Ukuta na Mpira wa Chini: Namna ya Kuanza Lakrosi

Mtu anayeshika fimbo ya lakrosi kwa mara ya kwanza hutia mpira kwenye mfuko wa wavu ulio kwenye kichwa chake, hupiga hatua tatu, mpira hudondoka. Huuokota kwa mkono, huutia tena, hudondoka tena. Ikifika mara ya tano keshasema kwamba mkono wake mzito. Katika kuwafundisha wanaoanza, watoto na watu wazima waliokwisha kucheza soka au kikapu, tumeliona jambo hili likijirudia kiasi kwamba tumeacha kuwaambia wakaze mikono. Mara nyingi mkono hauna kosa. Kosa liko kwenye mfuko wenyewe, au kwenye wazo la mtu kwamba mpira hushikwa, ilhali katika mchezo huu mpira haushikwi, unabebwa. Ndiyo maana hatuanzi na sheria wala na kupiga goli. Tunaanza na fimbo, kisha ukuta, kisha mpira ulioko chini kwenye nyasi. Anayepita njia hiyo anaingia mechi yake ya kwanza akiwa na cha kufanya.

Kwa asiyewahi kuuona: kila mchezaji ana fimbo yenye kichwa cha wavu. Mpira unakaribia ule wa tenisi kwa ukubwa, mzingo wake ni sentimita 19.7 hadi 20.3, lakini ni raba tupu isiyo na uwazi ndani, yenye uzito wa gramu 142 hadi 149, zaidi ya mara mbili ya mpira wa tenisi. Goli ni mraba wa mita 1.83 kwa 1.83, nalo limezungukwa na duara ambalo mshambuliaji haruhusiwi kulikanyaga. Mkono hauruhusiwi kugusa mpira, isipokuwa kipa akiwa ndani ya duara lake. Wanaume wanaocheza uwanja mkubwa, wenye urefu wa takriban mita 100 na upana wa mita 55, huwa 10 kila upande: kipa, mabeki watatu, viungo watatu, washambuliaji watatu. Kanada wanapenda sana lakrosi ya ndani, wachezaji 6 kila upande kwenye kumbi za hoki zilizoondolewa barafu. Na kuna ya tatu, ya wachezaji 6 kwenye uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika 8, ambapo timu ina sekunde 30 tu za kupiga shuti tangu ipate mpira. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokubaliwa Oktoba 2023, katika mkutano wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mjini Mumbai, ichezwe Los Angeles mwaka 2028. Lakrosi iliwahi kugombewa medali za Olimpiki mwaka 1904 na 1908, kisha ikatoka.

Huwezi kuufundisha mchezo huu kwa haki bila kusema ni wa nani. Ni mchezo wa mataifa ya asili ya Amerika ya Kaskazini. Watu wa Haudenosaunee, yaani Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora, wanauita mchezo wa Muumba, na hadi leo wanaucheza pia kama dawa, kwa ajili ya mgonjwa au kwa ajili ya jamii nzima inapoelemewa. Jina la lakrosi ni la Wafaransa, kutokana na neno lao la fimbo iliyopinda. Mzungu aliyeandika sheria za klabu ni William George Beers, daktari wa meno wa Montreal, mwaka 1867. Lakini alichoandika yeye kilikuwa kimechezwa karne nyingi kabla yake, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa maili na kwa wachezaji waliohesabiwa kwa mamia. Haudenosaunee wana timu yao ya taifa tangu mwaka 1983, na wanasafiri kwa pasipoti zao wenyewe. Mwaka 2010 walikosa mashindano ya dunia ya Manchester kwa sababu Uingereza haikuzikubali pasipoti hizo. Tunawaeleza wanafunzi wetu haya siku ya kwanza, kabla hawajaigusa fimbo, kwa sababu anayejua kwamba kitu alichoshika ni dawa kwa watu wengine haitupi chini anapokasirika.

Afrika iliingia kwenye mashindano ya dunia ya wanaume mwaka 2014, pale Uganda ilipocheza Denver, nchi ya kwanza ya bara hili kufika huko.

Sasa fimbo. Zamani ilikuwa kipande kimoja cha mti wa hikori, kilichopikwa kwa mvuke, kikapindwa, kikaachwa kikauke miezi kadhaa, kisha kikafumwa kwa ngozi na utumbo wa mnyama. Alfie Jacques wa Onondaga, aliyefariki mwaka 2023, alizitengeneza kwa mkono maisha yake yote. Mwaka 1970 kampuni ya STX ya Baltimore ikaleta kichwa cha plastiki, na fimbo zikawa nyepesi, za bei nafuu, na zinazofanana. Ya kisasa ina mpini, kwa kawaida wa aluminiamu, na kichwa kilichofungwa juu yake kwa skrubu moja. Kichwa kina mdomo, ndio ukingo wa juu unaozoa mpira. Kina mbavu mbili za pembeni. Na kina shingo pale kinapoungana na mpini. Mpini mfupi wa wanaume, pamoja na kichwa chake, ni sentimita 101.6 hadi 106.7. Mabeki huruhusiwa fimbo ndefu, hadi sentimita 183. Mwisho wa mpini lazima uwe na kifuniko cha raba au plastiki. Kikidondoka, toka uwanjani hapo hapo: mpini bila kifuniko ni bomba la chuma lenye makali.

Ndani ya kichwa ndimo mambo yote yalimo. Wavu unafungwa kwa kamba za aina nne, na kila moja ina kazi ambayo nyingine haiwezi kuifanya. Kamba ya juu inaubana wavu kwenye mdomo. Ikilegea, wavu unarudi nyuma, mpira unakwama kwenye plastiki unapotoka, na kila pasi inayumba. Kamba za mbavu, moja kila upande, ndizo zinazoamua mfuko uwe na kina mahali gani: karibu na mdomo, katikati, au karibu na shingo. Kamba ya chini huongeza au kupunguza kina chote. Kamba za kurushia, zinazokatiza wavu karibu na mdomo, ndizo zinazoamua mpira uachie mapema au uchelewe.

Kwa anayeanza tunataka mfuko wenye kina katikati. Mfuko wa juu, karibu na mdomo, unapendwa na wenye kupiga mashuti makali, lakini unaurusha mpira wa mtu asiyezoea popote unapotaka wenyewe. Wa chini, karibu na shingo, unaushika mpira vizuri lakini unachelewa kuuachia. Wa katikati unasamehe.

Fimbo nyingi za bei rahisi hutoka dukani na mfuko usiofaa. Wavu ni mkavu, umekazwa kama kitanda cha kamba kilichosukwa jana, na mpira unakaa juu yake kama chungwa mezani. Huyo ndiye mtu wetu wa hatua tatu. Mfuko wa namna hiyo unalainishwa hivi: legeza kamba ya chini kidogo, kama sentimita moja, ufunge tena fundo. Lowesha wavu kwa maji ya vuguvugu. Weka mpira mahali unapotaka kina kiwe, uusukumie ndani kwa mpini wa mwiko, si kwa fujo, mara mia hivi, ukigeuza kidogo pembe ya msukumo. Kisha uache mpira ndani, ukiwa umebanwa kwa kamba inayopita juu ya mbavu, hadi kesho yake. Asubuhi jaribu. Ukiona bado, rudia, usilegeze kamba nyingine sentimita tatu kwa pupa, kwa maana kina kina kikomo kisheria.

Kikomo chenyewe kinapimwa kwa macho. Shika fimbo ya mwanamume ikiwa imelala, mpira umo mfukoni, inua hadi usawa wa jicho. Ukiona mwanga kati ya juu ya mpira na chini ya mbavu, yaani mpira wote umezama kupita plastiki, mfuko ni haramu. Kwa wanawake kipimo ni kikali zaidi: mpira ubaki umejitokeza juu ya mbavu, na ndiyo maana wanawake hubembeza kwa ustadi ambao wanaume wengi hawana. Fimbo yoyote ikipinduliwa, mpira uanguke wenyewe bila kukwama. Mwamuzi akiikuta fimbo yako na kosa, inaondolewa na wewe unakwenda kukaa nje kwa adhabu. Mvua inawaponza wengi hapa, kwa kuwa wavu laini ukilowa unanyooka, na mfuko uliokuwa halali saa tisa unakuwa haramu saa kumi. Siku ya mvua pima tena wakati wa mapumziko.

Kuna njia rahisi ya kujua kama tatizo ni mfuko au mkono. Mpe mwenzako anayejua kurusha ile fimbo yako arushe mara kumi. Mpira ukielekea chini mbele ya miguu kwake pia, mfuko unachelewesha: ama una kina kingi, ama kamba za kurushia zimekazwa mno na mpira unazigonga. Ukipaa juu ya kichwa cha mpokeaji, mfuko unaachia mapema: kina kidogo, au kamba za kurushia zimelegea. Ukienda sawa kwake na kwako unayumba, basi sasa tuzungumzie mikono. Na ukirekebisha kamba, rekebisha moja tu, urushe mara ishirini, ndipo uguse nyingine. Anayelegeza mbili kwa pamoja hajui iliyomsaidia wala iliyomharibia, na wiki ijayo anarudi pale pale.

Kubeba mpira kunaitwa kubembeza, na neno hilo linatosha kueleza kazi yenyewe. Mtoto akizungusha ndoo ya maji kwa mkono ulionyooka, maji hayamwagiki hata ndoo inapokuwa juu chini, kwa kuwa mwendo unayasukuma kwenye kitako cha ndoo. Mpira nao unabaki mfukoni kwa mwendo huo huo. Mkono wa juu unashika mpini chini kidogo ya kichwa, kwa vidole, si kwa kiganja chote. Mkono wa chini umefunga mwisho wa mpini kama pete, unaacha mpini uzunguke ndani yake. Kifundo cha mkono wa juu kinakunja na kufungua, na kichwa cha fimbo kinachora nusu duara karibu na sikio. Makosa ni mawili. Wengine wanatikisa fimbo mbele na nyuma kama anayepepeta, mpira unaruka nje. Wengine wanabana kwa mikono yote miwili hadi ngozi ya vidole inakuwa nyeupe, kifundo kinakufa, mpira unadondoka wakati wa kugeuka. Tunawaambia wabembeze wakitembea, kisha wakikimbia polepole, kisha wakikata kona, na wasiitazame fimbo. Macho yakiwa kwenye fimbo, beki anakufikia hujamwona.

Kurusha kunawachanganya waliozoea kurusha kwa mkono mtupu, kwa kuwa nguvu haitoki kwa mkono wa juu peke yake. Simama ubavu ukiangalia lengo, bega la upande usio na fimbo likiwa mbele. Peleka mikono nyuma na mbali na kifua, kiwiko cha mkono wa juu kikiwa usawa wa bega. Hapo mkono wa chini unavuta mwisho wa mpini kuelekea kwapani huku wa juu unasukuma mbele, kama watu wawili kwenye mtumbwi mmoja. Mguu wa mbele unapiga hatua kuelekea lengo. Mwishoni mdomo wa kichwa uwe unamtazama mpokeaji. Ukiona mtu anasukuma mpira kama anayefungua mlango, kiwiko chake kimegandamana na mbavu. Mwambie ainue kiwiko tu, mengine yatafuata. Ukiona mpira unakwenda kushoto au kulia kila mara kwa kiasi kile kile, tazama mdomo wa fimbo unaishia wapi, kwa maana mpira hufuata unakoelekea mdomo.

Kudaka ni kinyume cha kurusha. Fikiria anayedaka papai lililoangushwa kutoka juu ya mpapai: mikono inalifuata likishuka, haiendi kulipiga. Kichwa cha fimbo kinasubiri mbele ya uso, mkono wa juu umelegea, na mpira unapogusa wavu fimbo inarudi nyuma nao kuelekea sikio. Anayeanza hufanya kinyume kwa hofu: anaubatua mpira, nao unaruka nje ya wavu kama umegonga ngoma. Tunarudia zoezi hili bila mpini kabisa, kichwa cha fimbo mkononi kama kikombe, mpaka mkono ujifunze kurudi nyuma.

Ukuta ndio mwalimu ambaye hachoki. Chagua ukuta wa saruji au matofali usio na dirisha, na uhakikishe nyuma yako hakuna barabara. Simama mita tatu hadi tano kutoka ukutani, chora alama usawa wa kichwa chako, urushe kwenye alama, udake. Mpango tunaoutoa ni huu: 30 kwa mkono wa kulia juu, 30 kwa kushoto juu, 20 kwa kudaka upande mmoja na kurusha upande wa pili, 20 kwa kurusha haraka bila kubembeza. Kwa mtu mpya huchukua kama robo saa, kwa aliyezoea dakika saba au nane. Siku nne kwa wiki zinatosha. Mkono dhaifu usiuache wa mwisho, kwa kuwa mwisho umechoka na utaufupisha, anza nao. Tunasisitiza mkono dhaifu kuliko kitu kingine chochote cha mwezi wa kwanza, kwa kuwa beki anayegundua kwamba unabeba mpira upande mmoja tu atakufungia upande huo mechi nzima.

Angalia pia mpira wenyewe. Mpira mpya una ngozi kavu inayoshika wavu kidogo. Baada ya miezi ya ukuta na lami unang'aa na kuteleza kama umepakwa mafuta, na unatoka mfukoni mapema kuliko kawaida. Watu hukaza na kulegeza kamba wiki nzima kumbe ni mpira umezeeka. Tenga mipira miwili mipya ya kupimia fimbo, iliyochakaa ibaki ya ukutani.

Mpira wa chini unaamua mechi za wanaoanza kuliko mashuti. Kwa nini? Kwa kuwa pasi nyingi zinaanguka, na timu inayozoa zaidi inashambulia zaidi. Namna ya kuzoa ni kujishusha, na hapo wengi wanakwepa. Kunja magoti mpaka makalio yashuke, mkono wa nyuma ushuke karibu kugusa nyasi, fimbo ilale karibu sambamba na ardhi. Mguu wa upande wa fimbo ufike kando ya mpira. Ingiza mdomo wa kichwa chini ya mpira sentimita chache kabla ya kuufikia, usukume kupita, usisimame. Ukiwa mfukoni, leta fimbo juu karibu na sikio, ubembeze mara moja, ukimbilie penye nafasi, si katikati ya watu.

Fimbo si jembe. Anayesimama wima na kuichomeka kwa pembe kali hugonga udongo, fimbo inasimama, mwili unaendelea, na mwisho wa mpini unamchoma tumboni. Ataikumbuka siku hiyo. Kosa la pili ni kuweka kichwa cha fimbo juu ya mpira na kuuvuta nyuma kuja miguuni. Kwa aliye peke yake linaonekana rahisi. Kukiwa na mpinzani nyuma, mpira umempelekea yeye. Kosa la tatu ni ukimya. Wakiwa wawili wa timu moja dhidi ya mmoja, mmoja aseme kwa sauti "mpira" na mwingine aseme "mtu": wa kwanza anazoa, wa pili anamziba mpinzani. Kwenye lakrosi ya wanaume unaruhusiwa kumpiga kikumbo aliye ndani ya takriban mita tano za mpira, kwa mbele au ubavuni, juu ya kiuno na chini ya shingo, mikono yote miwili ikiwa kwenye fimbo. Kikumbo cha mgongoni ni kosa, na kwenye mpira wa chini ndiko kinakotokea zaidi, kwa kuwa anayezoa ameinama. Tunawafundisha watoto kuhesabu nusu sekunde kabla ya kugusa mwili wa aliyeinama. Kwa wanawake kikumbo hakiruhusiwi kabisa, kwa kuwa mchezo wao wa kisasa ulianzia njia nyingine, katika shule ya wasichana ya St Leonards huko St Andrews, Uskoti, mwaka 1890.

Kwa beki, miguu kwanza. Fimbo ndefu inampa mtu mpya hamu ya kukatakata hewani kama anayefyeka msitu, na kila pigo linalotua mwilini badala ya kwenye fimbo ya mpinzani ni kosa la kukaa nje dakika moja au zaidi. Makosa madogo, kama kushika au kusukuma, ni sekunde 30. Wakati huo wenzako wanabaki pungufu. Simama kati ya mpinzani na goli, nyonga zikiwa chini, fimbo mbele yake ikimchokoza mikono kwa kudunga fupi fupi, na umsukumie pembeni ambako pembe ya shuti ni finyu.

Sheria mbili zinawatatiza sana waliokulia kwenye soka. Ya kwanza ni ya kuotea, ambayo hapa haihusu mpira wala beki wa mwisho. Kwenye uwanja mkubwa wa wanaume, timu ihakikishe ina wachezaji wanne, kipa akiwemo, kwenye nusu yake, na watatu kwenye nusu ya wapinzani, muda wote. Beki akizoa mpira na kukimbia nao mbele kupita mstari wa kati, kiungo mmoja abaki nyuma na kuinua fimbo ili mwenzake amwone. Akisahau, mpira unapotea. Ya pili ni mpira unaotoka nje baada ya shuti. Hautolewi kwa timu ambayo haikuugusa mwisho; unapewa mchezaji aliyekuwa karibu zaidi na pale ulipotokea, wa timu yoyote. Ndiyo maana nyuma ya goli, ambako kuna nafasi ya takriban mita 14 hadi mstari wa mwisho, kila timu huweka mtu. Mcheza soka huona ajabu kusimama nyuma ya goli. Kumbe mashambulizi mengi mazuri yanaanzia huko, kwa kuwa kipa analazimika kugeuka kumfuata mwenye mpira na kuwapa mgongo wanaosubiri mbele.

Vifaa vya wanaume ni helmeti yenye wavu wa chuma usoni, glavu, kinga za mabega na kifua, kinga za viwiko, kinga ya meno. Wanawake huvaa miwani ya chuma na kinga ya meno. Njumu za soka zinatosha, za meno ya plastiki au raba, za chuma hapana. Kwenye kifua tusibanie. Mpira huu unaogonga kifua wakati mbaya wa mapigo ya moyo unaweza kuusimamisha moyo wa kijana mzima, na mabingwa hupiga shuti linalozidi kilomita 160 kwa saa. Nunua kinga ya kifua iliyothibitishwa kwa hatari hiyo hasa, si ya kuzuia michubuko tu, na pale mazoezi yanapofanyika kuwe na mashine ya kushtua moyo na mtu anayejua kuitumia.

Wa kumtunza zaidi ni kipa, na wengi wanampoteza wiki ya kwanza. Wanamchagua mtoto mnene au asiyependa kukimbia, wanamrushia mipira ya raba kwa nguvu, anagongwa pajani, anaogopa, na hofu hiyo hujifunza haraka kuliko mikono. Kipa anatakiwa kuwa mwepesi wa mikono na jasiri wa kupiga hatua kuelekea mpira, maana anayerudi nyuma anaongeza eneo la goli nyuma yake. Fimbo yake ina kichwa kipana, sentimita 25.4 hadi 30.5. Mkono wa juu unaongoza, kichwa cha fimbo kinakwenda kwenye mpira kwa njia fupi, na mguu wa upande ule unafuata. Kwenye shuti linalodunda chini, fimbo ishuke kwanza na mwili nyuma yake. Akishadaka ana sekunde nne za kutoa pasi au kutoka ndani ya duara, na akitoka na mpira harudi nao. Sekunde nne ni nyingi. Mwambie ahesabu kwa sauti mazoezini, atagundua kwamba anaweza kuinua macho, kutazama pembeni zote mbili, na bado akabaki na moja. Wiki mbili za kwanza mrushie mipira ya tenisi kwa mkono, ukiwa mita sita mbele yake. Wiki ya tatu ya raba kwa mkono, taratibu, akiwa amevaa kila kitu. Fimbo yako iguse mpira kumrushia baada ya hapo tu, kwanza ukilenga ile fimbo yake, si goli.